Jina la Yaya Lililokatwa Mstari

Binti yangu alizaliwa Kamina wakati wa vita, mimi nikiwa Mulongo. Nilikwenda kununua samaki wakavu nikakaa kupita kiasi, kwa sababu ndivyo nilivyo: nikifika mahali nataka kuondoka, nikiondoka nataka kurudi. Niliporudi, baiskeli yangu ikiwa imevunjika pedali, nilimkuta mke wangu amekaa uani na kitoto kifuani. Kitovu kilikuwa kimeshaanguka.

"Karibu, mugeni," aliniambia. "Batoto banazaliwa, weye unachagua samaki."

Yaya, yaani kaka yangu mkubwa, alikuwa ameshafanya kila kitu. Alikuwa mwalimu wa shule ya misheni, mtu wa shati lililopigwa pasi hata miezi ambayo mshahara haukuja. Alimpa mtoto jina la marehemu mama yetu, kisha akaenda komini, ofisi ya serikali ya mtaa, kumwandikisha kabla muda haujapita. Alinikabidhi cheti kwa mikono miwili, nami nikakisoma nimesimama. Jina la mtoto, sawa. La mama, sawa. Mahali pa baba paliandikwa jina la Yaya.

Nilicheka. Hakuwa amedanganya. Kwetu, mtoto wa mdogo ni mtoto wa mkubwa. Mkubwa ndiye humpa jina, ndiye hukalia kiti cha mbele siku ya mahari, na mtoto humwita baba tu, bila kuongeza neno. Karani aliuliza baba ni nani, naye akajibu kama ambavyo angejibu sokoni au kanisani. Isitoshe, yeye na mkewe hawakujaliwa mtoto. Niliona jinsi alivyokuwa akimbeba yule mtoto, kiwiko kimekaza, kama mtu aliyeshika sahani iliyojaa mchuzi.

Ningeliacha jambo hilo lilale. Lakini vita vilikuwa vinashuka kutoka kaskazini, bei ya unga ilikuwa haishikiki, na miguu yangu ilianza kuwasha. Watu walisema kuna treni ya kwenda kusini, inatengenezwa kwenye depo. Walisema pia kwamba pale stesheni askari wanawashusha vijana wa kiume na kuwapeleka kubeba mizigo ya vita. Mwenye mke na mtoto anaachwa, ikiwa karatasi zinasema hivyo. Ndoa yetu ilikuwa ya mahari, haikuwa na karatasi. Karatasi pekee niliyokuwa nayo ilisema mtoto ni wa mtu mwingine.

Nikaenda komini. Karani alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Kusahihisha kunawezekana," alisema. "Lakini ule aliyemuandikisha akuje yeye mwenyewe. Aseme mbele yangu: huyu si mutoto yangu. Halafu atie sahihi."

Nilimpelekea Yaya maneno hayo wakati wa kula. Aliacha tonge la bukari, ule ugali wetu, mkononi.

"Hiyo haisemwi," alisema.

"Ni ya ofisi tu, Yaya."

"Mudomo iko moja. Haiko ya ofisi na ingine ya nyumba."

Nilijua. Kwetu, kumkana mtoto kwa kinywa ni kumfungulia mlango atoke duniani. Mama yetu alikuwa akitusimulia habari za mtu aliyemkana mwanawe kwa hasira tu, na kijana akakauka kama mti usio na mizizi. Yaya alifundisha hesabu na Biblia, lakini hilo hakulifanyia mzaha. Nami sikuweza kumlazimisha. Nilizunguka uani, nikaenda depo kuuliza, nikarudi, nikaenda tena.

"Keti chini," mke wangu alisema. "Utachimba mufereji na hizo miguu."

Asubuhi iliyofuata kichwa cha treni kililia upande wa depo. Yaya alivaa shati lake, akasema, "Twende."

Ofisini tulikaa kwenye benchi, mke wangu katikati. Karani alifungua daftari lake, akachovya kalamu, akasubiri. Yaya alisimama. Alifungua mdomo, akaufunga. Niliona jasho likimtoka juu ya mdomo, ilhali chumba kilikuwa baridi. Alikuwa anataka kusema. Kwa ajili yangu alikuwa anataka kusema, na ghafla sikutaka tena.

"Acha, Yaya," nilisema. "Tutapita porini."

Mke wangu aliinuka, akamweka mtoto mikononi mwa Yaya, akarudi kukaa.

Yaya alimtazama yule mtoto, kisha karani. "Andika hivi, baba. Huyu mutoto ni yangu. Na mudogo wangu huyu ndiye alimuzaa."

"Mwalimu, sheria haina hiyo."

"Na weye, batoto ya badogo yako, unabaita nani?"

Karani alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. Akaguna. "Banangu," alisema. "Miye pia niliuliza vibaya. Ningeuliza nani alimuzaa."

Akaandika pembeni kwamba mwandikishaji alitaja jina lake kwa kufuata desturi, na kwamba mzazi ni mimi. Aliposhika rula, Yaya aliomba jambo moja tu: jina lake lisifutwe. Likatwe mstari, liendelee kusomeka. Mstari ukapita juu yake, mwembamba. Akatia sahihi, mtoto akiwa bado mkononi.

Stesheni palikuwa na fujo. Askari alikisoma cheti chetu polepole, kidole kikifuata kila neno.

"Huyu wa kukatwa ni nani?"

Kabla sijajibu, Yaya, aliyekuja na furushi letu begani, alisema kwa sauti ya darasani: "Ni miye. Baba yake."

Mke wangu alinifinya mkono mpaka ukucha ukaingia.

"Na weye?" askari aliniuliza.

"Baba yake," nilisema.

Alitutazama mmoja mmoja. Tuna pua moja, mimi na Yaya, hata mlevi angeona. Askari akasoma tena maneno ya pembeni, akanirudishia karatasi. "Panda," alisema. "Panda mbio, kabla ya kichwa kuniuma."

Nilipanda. Yaya alibaki chini, mkono mmoja juu, ule mwingine ukiwa bado umekunjwa kama umebeba mtu.

Tangu hapo nimehama miji mingi kuliko inavyofaa kwa mtu mwenye familia, na katika kila mji kuna karani anayetaka kunitengenezea cheti kisafi. Mwezi uliopita binti yetu alikihitaji kwa ajili ya ndoa yake. Karani akaanza tena: karatasi imechakaa, ina mstari, tuandike upya. Binti akakataa kabla sijafungua mdomo.

Mahari yake itapokelewa Kamina. Yaya ameshaandaa kiti cha mbele, nami nimeshafunga begi, nalifungua, nalifunga. Treni, wanasema, inatengenezwa kwenye depo.