Ufunguo wa Dominick Gaughan

Mara ya kwanza Fintan Durkan kumfuata Dominick Gaughan kwa ajili ya njia ya mtoni, alikuwa ameshampangia bei kichwani. Durkan alikuwa dalali wa ng'ombe na katibu wa klabu ya wavuvi wa ndoana. Maisha aliyaanza na ndama mmoja mwenye kikohozi. Mfuko wa serikali ulikuwa umekubali kuijengea klabu daraja la miguu na njia ya changarawe, ili wageni wavue samoni kwa raha zao. Ilibaki ridhaa ya Dominick tu, maana ukingo ulikuwa wake.

Wakati huo wavuvi walipita uani kwake, kwenye tope, kuku na mbwa. Njia mpya ingewapeleka moja kwa moja kutoka barabarani hadi mtoni, mbali na nyumba.

"Nitakuwekea uzio mpya," Durkan alisema.

"Wa zamani haujaanguka."

"Na changarawe uani."

"Kuku hawajalalamika."

"Mzee, taja bei yako basi!"

"Waache wapite hapa hapa. Tope halijaua mtu."

Durkan akaondoka akiamini anazungushwa. Aliporudi aliambulia chai. Mara ya tatu msimu wa uvuvi ulikuwa umefunguliwa. Alimkuta mzee mlangoni, birika likichemka, vikombe vinne mezani, naye akiishi peke yake tangu dada yake afariki. Wavuvi wawili walipita, wakapunga mkono, hao wakaenda zao. Mzee aliwasindikiza kwa macho mpaka matete yakawameza.

Hapo Durkan akaijua bei.

"Sikia, Mzee. Njia mpya iwe na geti, geti liwe na kufuli, ufunguo ukae kwako. Anayetaka kuvua apige hodi kwanza."

"Kila mmoja?"

"Kila mmoja."

Wakatemea viganja na kupeana mikono kama mnadani. Kwa kuwa desturi ya mnadani ni muuzaji kumrudishia mnunuzi sarafu ya bahati, Dominick akatoa euro moja.

"Shika. Wewe uliponiuzia mtamba, ulinirudishia nini? Kupe!"

Durkan alitoka akichekea moyoni: kufuli moja kwa ukingo mzima.

Msimu uliofuata, njia na geti vikiwa tayari, Dominick alinyoa ndevu kila asubuhi. Ila ufunguo ulizoea kupotea. Aliusaka kabatini, chini ya mto wa kiti, mfukoni mwa koti, wala haukuonekana mpaka mgeni amalize kikombe na kusikia habari za marehemu dada.

"Samoni hangoji chai!" mvuvi mmoja alimfokea Durkan. "Tumekuja kuvua, hatukuja matangani!"

Manung'uniko yakamfikia mkaguzi wa mfuko. Akaja, akasema njia iliyojengwa kwa fedha za umma haifungwi kufuli. Ama liondolewe, ama klabu irudishe fedha zote. Durkan, aliyezoea kumkagua ng'ombe hadi ulimi, hakuwa ameuliza hilo kabla ya kuahidi kufuli.

Alilikata kufuli kwa mkono wake, kisha akaenda kwa mzee na ile sarafu. Mnunuzi akivunja mapatano, hurudisha bahati ya mwenzake.

"Pokea, Mzee. Upande wangu umenishinda."

"Nikipokea, biashara imekufa. Ikifa, ukingo ni wangu, na daraja lenu nitaling'oa kesho kwa trekta. Unataka hivyo?"

"Hapana."

"Basi itie mfukoni. Ufunguo nibaki nao."

"Hauna kufuli tena."

"Najua, si kipofu. Utakunywa chai?"

"Nina ndama wananingoja."

"Haya. Siku hizi kila mtu ana ndama."

Klabu ikabaki na daraja lake, na wageni wakaongezeka. Durkan kila akitafuta chenji mnadani, vidole hukutana kwanza na sarafu ile, naye huiacha palepale. Kitu asichoweza kukitumia wala kukirudisha hajawahi kukimiliki kabla. Wavuvi hupita nyuma ya ukuta wa mawe, na dirishani kwa Dominick huonekana kofia tu na ncha za fito zao za kuvulia. Ufunguo unaning'inia nyuma ya mlango. Sasa haupotei.