Mwanamume Aliyeongea Sinema Nzima

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nilipomleta babako, Wekesa, kwetu Riruta kwa mara ya kwanza. Baba yangu alikuwa amesema hatawapokea wazazi wa Wekesa waje kuniposa mpaka amwone kijana mwenyewe. Nami nilikuwa nimempenda vibaya sana, kwa hiyo niliogopa.

Nilichoogopa ni mdomo wake. Babako hajawahi kutazama filamu kimya. Tulikuwa tukitoka kazini Westlands tunaenda sinema mjini, na kabla jina la filamu halijatokea ameshaanza. Huyu jambazi ataficha wapi bunduki na shati limembana hivyo? Mbona hawa wapenzi wanaagiza chakula kisha wanaondoka bila kuonja? Hilo la chakula lilimuudhi kweli. Watu wa mbele waligeuka, nami nikazama kwenye kiti.

Basi nikamwapisha: kwa baba, usiseme kitu. Nilijua filamu haingekosekana. Tangu astaafu, baba alizipenda hizo DVD za mjini, ingawa maoni yake yalikuwa neno moja. Ukimuuliza ilikuwaje, alisema, "Nzuri." Zote zilikuwa nzuri, hata ile iliyokwama katikati.

Siku hiyo tuliweka filamu ya wapelelezi. Wekesa akakaa kama yuko kanisani, mikono magotini. Baada ya muda baba akamgeukia.

"Kijana, kwani wewe hupendi filamu?"

"Napenda sana, Mzee."

"Sasa mbona huongei? Huyu mama amenyamaza ghafla. Ameona nini?"

Huyo mama alikuwa amejaa kwenye skrini nzima. Wekesa aliniangalia, kisha akavunja kiapo, na namshukuru Mungu mpaka leo.

"Ameona viatu vya bwanake mlangoni, Mzee, na bwana alisema yuko safarini. Lakini hawa watu wanatudanganya! Asubuhi alivaa raba, saa hii ni buti!"

Baba alicheka mpaka akakohoa. "Endelea, endelea."

"Sasa wako mezani. Mayai, soseji... ai, wameinuka!"

"Wamewacha soseji?" baba akauliza kwa uchungu.

Hapo ndipo nilipoelewa. Macho yake yalikuwa yamekwisha, na alikuwa ametuficha. Lile neno "nzuri" lilikuwa la kutufunga midomo tusimuulize zaidi. Nilikuwa nikiishi naye nyumba moja, na sikuwa nimegundua. Nililia jikoni.

Filamu ilipokwisha akaniita. Aliniita Mami, kwa kuwa nimepewa jina la mama yake.

"Mami, nani alimwambia huyu kijana anyamaze?"

"Ni mimi, Baba."

"Usirudie. Na uwaambie wazazi wake waje."

Sasa wewe nasikia unamkataza kijana uliyempenda asicheke kwa sauti mbele ya marafiki zako matajiri wa Loresho. Mwanangu, kama kicheko chake hakimuumizi mtu, mwache acheke. Usimpunguze mtu ili upendeze machoni pa wageni. Pengine hicho unachokionea aibu ndicho mtu wa nyumbani kwako anachokihitaji na anashindwa kukiomba.

Haya, babako ananiita sebuleni, kwenye filamu wameagiza samaki wakaondoka tena. Nenda salama. Na siku macho yako yatakapochoka, Mungu akupe mtu wa kukaa kando yako akuambie yote, bila kunyamaza.