Wagonjwa wa "Kailo": siku nilipomuuliza baba mkwe alikotoka

Wakuu, hamjambo? Kisa hiki ni kweli tupu. Nimebadilisha majina tu, maana bado nakula kwa mama mkwe.

Mimi ni karani wa data kwenye zahanati ndogo hapa mtaa wa Kasuku, mjini Kindu. Kila ugonjwa naupa kodi yake, herufi na namba, kwenye kompyuta. Siyo kodi ya serikali, tulieni. Kaswende changa, ile ya kidonda kisichouma, ni A51.

Mwaka jana daktari akaniletea rejista za miaka ya vita niziingize zote.

Kwenye safu ya ugonjwa, wagonjwa wengi wameandikiwa "Kailo", eneo la jirani zetu. Nikadhani nesi alikosea safu, akaandika mgonjwa anakotoka. Daktari akaniuliza kwa nini watu wote wa Kailo walichomwa penisilini.

Nikamfuata nesi mwenyewe, Mzee Saleh, aliyestaafu. Alicheka mpaka akakohoa.

Wakati wa vita familia tatu zililala nyumba moja, na kadi ya mgonjwa ilisomwa na kila mtu. Basi akaficha kaswende kwa majina ya safari, na mgonjwa mwenyewe tu ndiye aliyeambiwa maana yake. Changa ni Kailo, maana ni karibu, unarudi upesi. Ukichelewa kutibiwa, umefika Kasongo, mbali huko.

Watu wa Kailo mtusamehe, kosa lenu ni ujirani tu.

Nikaanza kugeuza kila Kailo kuwa A51, nacheka peke yangu.

Kicheko kikakatika kwenye jina moja. Mzee Ramazani wa Mikelenge, baba wa Zaina, mchumba wangu. Zilibaki wiki mbili nipeleke wazee wangu kwao.

Kailo. Na safu ya dawa imeliwa na mchwa.

Sasa wakuu, kama kweli kwao ni Kailo, na siku hiyo nesi alikosea safu? Nimpachike mkwe kaswende milele kwenye kompyuta? Roho iliniuma.

Mwenye akili angerudi kwa Mzee Saleh. Mimi nikaenda kuuliza mezani kwao.

Ilikuwa Ijumaa, tunakula sombe, yaani kisamvu. Nikauliza kwa adabu zote: "Baba, wakati wa vita mulitokea Kailo?"

Mzee akapaliwa. Kwa macho aliyonitolea nikapata jibu langu, na nikajua pia kwamba mke sina tena.

Mama Zaina akamsogezea mumewe maji. "Huyu hayafika Kailo ata siku moja," akasema. "Sisi tuko watu wa Kibombo."

Kumbe hajamaliza.

"Mutoto, kwa rejista yenu angalia mustari wa chini yake. Ule njo mimi. Muzee Saleh aliniita kesho yake, akanichoma sindano. Akasema ni ya malaria. Lakini niliona anaandika Kailo chini ya jina ya huyu, nikaelewa, nikanyamaza."

Mzee akaacha kula kabisa. Miaka yote hiyo alidhani siri ni yake peke yake. Nilimwonea huruma, na aibu ilinijaa mpaka masikioni.

Jumatatu nilifungua rejista mapema. Mstari wa chini, jina la Mama, na mwandiko uleule wa Mzee Saleh: "Kailo. Alimsindikiza mume."

Zaina nimepewa, kwa sharti la Mama kwamba mezani nile tu. Mzee naye, nikiaga safari yoyote, ananiuliza kama ni ya karibu.

Funzo nililopata: ukijua kusoma siri za watu, ujue na kufunga mdomo. Aliyeponzwa na ulimi kama mimi aseme hapa chini, ila majina ya wakwe ayaache nyumbani.