Nilishuhudia Kabla ya Kupima

Wapendwa, msishangae kuniona hapa mbele ya kanisa tena. Juzi juzi niliwaambia virutubisho tu vimeniponya kolesteroli, mkanipigia makofi. Leo nimekuja kuyarudisha hayo makofi.

Mnajua nilivyokuwa. Siku ya soko hapa Kanyakine, lazima supu ya kichwa, na mutura, yale matumbo ya kujazwa nyama, juu. Kisha kifua kikaanza kunibana nikipandisha majani chai kilimani. Daktari aliangalia majibu ya damu, akasema, "Mzee, mafuta imejaa kwa mishipa. Anza dawa leo. Na hiyo supu uache."

Dawa sikuitaka. Niliona ni ya wazee, na mimi bado kijana wa miaka hamsini na sita. Nikanunua vidonge vya kitunguu saumu na unga wa mbegu. Nilibeua saumu kutwa, hata ng'ombe akawa anageuza kichwa nikimkamua. Na kwa kuwa sasa nilijiona nina kinga, niliongeza bakuli la supu. Vidonge nilivimeza kwa supu hiyohiyo! Mke wangu, Mama Kinoti, akaniuliza, "Hiyo kitu itapigana na adui aje, na wewe ndio unamletea chakula?"

Kifua kilitulia wiki mbili. Nikaja mbio kushuhudia, bila kupima.

Baada ya hapo kilinibana kilimani mpaka nikakalia kikapu cha chai, jasho linanitoka kama nimemwagiwa maji. Hospitalini, mafuta yalikuwa yamepanda. Daktari aliuliza nakula nini. Mama Kinoti akasema yote, hata idadi ya mabakuli.

Sasa nameza dawa kila jioni, nakula maharagwe na mboga ya terere, na mafuta yameshuka. Nimeyaona kwenye karatasi, hii hapa. Namshukuru Mungu, daktari, na mdomo wa mke wangu.

Kwa aibu ningekaa kimya. Lakini Jumapili iliyopita rafiki yangu Mutuma alinishika mkono pale mlangoni. "Hata mimi niliacha dawa zangu," akasema, "juu ya ule ushuhuda wako."

Mutuma, usijifiche nyuma ya nguzo, nakuona. Kesho asubuhi nakupitia, twende kliniki pamoja. Nimeshuhudia mara mbili. Ushuhuda wa tatu sitaki kuutoa kaburini kwako.