Ndege ya Mama wa Kisesa

Juzi kwenye maonyesho hapa Mwanza nilipanga foleni kwenye banda la chuo cha urubani. Unavaa miwani mikubwa ya kompyuta, unashika usukani, na ghafla ziwa lote liko chini yako. Ndivyo marubani wanavyojifunza siku hizi kabla ya kugusa ndege yenyewe. Mimi niliangusha mbili, nikacheka, nikaomba ya tatu.

Aliyenifuata ni mama mmoja wa Kisesa. Aliirusha vizuri tu, lakini wakati wa kutua ikatumbukia majini. Akavua miwani, akatoa kitenge mabegani, akakifunga kiunoni kama mtu anayekwenda msibani.

"Walikuwemo wangapi?"

"Hakuna mtu, mama," akajibu dada mwalimu wa banda. "Bonyeza hapa tuanze upya."

"Tuanzeje upya, mwanangu, na watu wako majini?"

Foleni nzima ilicheka; yule mwalimu hakucheka.

Mashine ni nzuri, waongeze nyingine. Ila siku nikipanda ndege ya Bukoba, naomba mbele aketi mtu wa kujifunga kitenge. Wa kucheka kama mimi, akae nyuma na abiria.