Mama Mkwe Ananiita kwa Jina la Marehemu

Admin, jina langu libaki kwako tu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, naishi hapa mtaa wa Komarock na mume wangu. Alifiwa na mke wake wa kwanza kabla hatujajuana. Huyo marehemu nitamwita Ruth.

Tangu mwaka jana tunakaa na mama mkwe. Tulimtoa Ukambani akili zilipoanza kupotea. Jamani, kupenda watu ni rahisi ukiwa kanisani! Nikimwosha ananifinya. Nikimlisha uji ananitemea. Shuka nafua kila siku, na maji ya mfereji yenyewe huja yakitaka. Na bado anauliza majirani, "Huyu mwanamke ni wa nani? Mwambieni aende kwao." Kuna siku nilijifungia bafuni nikalia kwa hasira, halafu nikatoka nikambadilisha nguo.

Siku moja akaniita, "Ruth." Nilikuwa nimechoka kubishana, nikaitika. Woi, alimaliza uji wote! Akanishika mkono akanibariki. Nilipowaeleza akina mama wa ushirika, wakasema huo ndio upendo wa Kikristo, niendelee kuitika. Basi nikawa Ruth. Nikaanza hata kufunga kitambaa cha kichwa vile nilisikia marehemu alikuwa akifunga. Nikipita kwenye kioo najiogopa.

Wiki iliyopita, nikimpaka mafuta miguuni, mama alianza kulia. "Ruth mwanangu, nisamehe. Uliniambia unatoka damu, nikasema ni uvivu, umalize kufua kwanza. Nikakunyang'anya simu usimsumbue mwanangu kazini." Siku hiyo ya kutoka damu ndiyo Ruth alikufa na mimba yake. Mume wangu hajui. Hadi leo husema, "Angenipigia simu tu, ningekuja mbio."

Sasa mama amekataa kula mpaka Ruth amsamehe. Anafunga mdomo, ananitazama tu. Jana mume wangu alifika mlangoni akasikia "nisamehe, Ruth," lakini hakusikia ni kwa kosa gani. Akanivuta kando, machozi yanamtoka. "Mama atakufa na njaa. Mwambie umemsamehe. Si ni neno moja tu? Wewe si umeokoka?"

Nilirudi nikapiga magoti, nikafungua mdomo. Neno likakataa kutoka. Nilihisi kuna mtu amesimama nyuma yangu, anangoja kusikia nitasema nini kwa jina lake. Sikuthubutu kugeuka.

Aliyonitendea mimi nimemsamehe, Mungu anajua. Lakini hili si langu. Nikinyamaza, mzee wa watu anazimika mikononi mwangu. Nikimsamehe, nani alinipa ruhusa? Na huyu mume anayenisihi, nimwache aombe msamaha wa jambo asilolijua? Wapendwa, msinitumie "pole" peke yake. Mama anazidi kukonda na ananiita tena sasa hivi. Nimwitikie nikiwa nani?