Sauti ya Mama Ndani ya Flashi

Mimi sipendi kuchekwa, na kwa kompyuta yangu nimechekwa sana. Ni ya mezani, ya mitumba, iko sebuleni kwangu mtaa wa Chemchem chini ya kitambaa nilichokidarizi mwenyewe. Mfumo wake ni Linux, wa bure kabisa. Niliupakua na kuuweka kwa mikono yangu. Nikaharibu, nikarudia, ukakubali. Kaka yangu hakosi la kusema. "Dada, mpaka kwenye kompyuta unapenda vya bure?"

"Vya bure, ndiyo, lakini si vya wizi kama hivyo vyako vilivyochakachuliwa!" Kesho yake anaanza tena.

Mwaka huu tulijiandaa kusimika msalaba kwenye kaburi la mama, nyumbani Lusu. Mama aliongoza kwaya ya Kimoraviani maisha yake yote, na sauti yake ilibaki sehemu moja tu: kwenye flashi, akiimba peke yake Kinyamwezi uani kwetu, wimbo wenye mahadhi ya wapagazi wa zamani. Baba aliomba jambo moja. Siku ya msalaba, mama aimbe.

Sasa kwetu kitu cha marehemu hakikai kwa mtu mmoja, utaitwa mchoyo. Flashi ikazunguka ukoo mzima kama sinia la wali, kila shangazi akiipeleka steshenari ya mtaani kwake anakiliwe wimbo. Steshenari ya kwanza tu ikaiambukiza kirusi cha kompyuta. Waliofuata walinakili vialama vitupu vya njia ya mkato, visivyofunguka, na kila mmoja akatulia akijua mwenzake anayo nzima. Hakuna aliyekuwa nayo!

Kaka akaipeleka kwa fundi wa kompyuta mtaa wa Gongoni, nami nikafuatana naye. Fundi akachomeka, akatikisa kichwa. "Mama, humu hamna kitu. Ngoja niifomati, nifute vyote, angalau flashi yenyewe ipone." Kidole kilishafika kwenye kipanya.

"Weee! Thubutu!" Nikaichomoa mwenyewe.

"Dada, unatutia aibu," kaka akasema. Aibu kitu gani? Nilikuwa na hasira, na woga pia, maana nilishamwona baba moyoni mwangu, amekaa kwenye kiti chake anasubiri, na spika iko kimya.

Kaka akanifuata mpaka nyumbani, akasimama mlangoni mikono kifuani. Nikaondoa kitambaa, nikawasha, nikachomeka flashi. Vile vialama vya uongo vilikuwepo, na pembeni yake folda la mama, lipo wazi kabisa. Kirusi hakikuwa kimefuta kitu. Kililiambia lijifiche tu, na kompyuta za steshenari na ya fundi zikatii. Linux yangu haitii amri za namna hiyo. Nikabofya. Mama akaimba.

Kaka akakaa sakafuni, mtu mzima na ndevu zake, akalia. Nami nililia, ila kichwa juu. Nikafanya nakala za kutosha, nikazikagua moja moja kabla shangazi yeyote hajagusa kitu. "Hiyo ya bure," kaka akasema akifuta macho, "na mimi utaniwekea?" Nikamwambia ajifunze kuweka mwenyewe, nitakaa pembeni nimcheke.

Siku ya msalaba, Lusu walikuja watu wengi. Waliouliza nani ameirudisha sauti niliwajibu kabla hawajamaliza kuuliza: mimi. Kwa nini nijifiche?

Mwanzoni mwa wimbo kuna maneno ambayo ningeweza kuyakata, nikayaacha makusudi. Siku tuliyomrekodi, baba alikuwa amekaa karibu na mama, na kifua chake kilikuwa kinamsumbua kama kinavyomsumbua hadi leo. Spika ilipofunguliwa, mama akamgombeza mbele ya ukoo mzima: "Baba watoto, hebu usikohoe, narekodiwa."

Watu wakacheka. Baba hakucheka. Aliziba mdomo kwa kofia yake, machozi yanamtiririka, akakibana kikohozi mpaka mama alipomaliza kuimba.